Kabla hujauliza bei ya lensi, uliza duara lake lina milimita ngapi

Habari zenu wadau wa picha, asanteni kwa kuja na asanteni waandaaji kwa kunipa nafasi. Nimeombwa niongelee namna ya kuchagua lensi za kamera kubwa, hizi za filamu ya inchi 4 kwa 5 na 8 kwa 10, zile zenye mvukuto katikati na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, na nimeona nisizunguke, niongelee kitu kimoja tu ambacho kwangu mimi ndo kinatangulia vingine vyote. Kavareji. Yani ukubwa wa duara la picha ambalo lensi inalitupa kule nyuma kwenye filamu.

Ukinunua lensi ya kamera ya kawaida hili jambo huliwazi kabisa, mtengenezaji kashalimaliza kiwandani, lensi inakaa sehemu moja, filamu au sensa inakaa sehemu moja, duara linatosha, basi. Kamera kubwa haiko hivo. Ule ubao wa lensi mbele unapanda, unashuka, unaenda kushoto na kulia, unainama, unageuka, alafu lensi umeinunua ya mkono wa pili imetoka Japani, kamera imetoka Marekani, na aliyetengeneza kamera wala hajui wewe utaifunga lensi gani. Kwa hiyo hesabu ya kwamba duara litatosha au halitatosha ni ya kwako wewe mnunuzi, hamna wa kukufanyia.

Kwa wale wageni kabisa fikirieni tochi inayomulika ukutani. Inaacha duara la mwanga. Sasa weka karatasi ya mstatili ndani ya lile duara, kama duara ni kubwa unaweza kuisogeza karatasi juu, chini, pembeni, na bado yote iko kwenye mwanga, lakini kama duara limeitosha karatasi kwa kuibana tu, ukiisogeza hata kidogo kona moja inaingia gizani. Karatasi ndo filamu yako. Filamu ya 4x5 ile sehemu inayopata picha ni karibu 95 kwa 120mm, na ulalo wake, kona hadi kona, ni kama 153mm. Ya 8x10 ni karibu 195 kwa 245mm, ulalo wake kama 313mm. Hizi namba mbili zishikeni.

Sasa mtu anataka kununua lensi anamwuliza muuzaji "inakava 4x5?" na muuzaji anajibu ndio inakava, na kweli hajadanganya, lakini hilo jibu halijakusaidia kitu. Lensi yenye duara la 154mm inakava 4x5. Lensi yenye duara la 288mm nayo inakava 4x5. Hizo mbili ni lensi tofauti kabisa kwa kazi, moja inakuruhusu kupandisha mbele karibu sifuri na nyingine inakuruhusu kupandisha hadi mvukuto wa kamera wenyewe ugome. Swali la kuuliza ni inabakiza ngapi baada ya kukava. Na huwezi kujua kama kinachobaki kinakutosha mpaka ujue kwanza unapiga picha gani, ndo maana mimi nasema hesabu inaanzia kwenye kitu kilicho mbele yako, katalogi inafuata baadaye.

Tuchukue nyumba. Nachagua nyumba kwa sababu wengi humu mnapiga majengo ya zamani, Mji Mkongwe Zanzibar, Mji wa Kale Mombasa, Lamu, na hii kazi ina uzito wake, lile jumba la Beit al Ajaib la Zanzibar lilijengwa 1883 na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, kwa hiyo picha iliyonyooka ya jengo, kuta zimesimama wima bila kulalia nyuma, ambayo fundi wa ukarabati anaweza kuitumia kulinganisha dirisha na dirisha, ni kitu cha maana sana. Na ili kuta zisimame wima kamera hairuhusiwi kuinua uso. Nyuma inabaki wima, lensi ndo inapandishwa. Hapo ndo duara linaliwa.

Haya. Nyumba ina urefu wa mita 14 kwenda juu, wewe umesimama mita 12 kutoka ukutani maana nyuma yako kuna nyumba nyingine huwezi kurudi tena, kamera iko juu ya stendi mita 1.5 kutoka chini, filamu umeisimamisha kwa urefu. Unataka paa lote na mita moja ya anga juu yake. Kwa hiyo kutoka usawa wa lensi hadi juu ya picha ni mita 13.5. Ukiwa na lensi ya 90mm, yani urefu wake wa fokasi, ambao ndo karibu umbali wa lensi hadi filamu ukifokasi mbali, kwa mita 12, kila mita ya ukuta inakuwa 7.5mm kwenye filamu, 90 gawanya kwa 12 tu, hamna uchawi. Mita 13.5 inakuwa 101mm na kidogo. Nusu ya urefu wa filamu ni 60mm. Toa hapo, unapata lazima upandishe lensi kama 41mm.

Sasa duara. Kona ya filamu iliyo mbali zaidi na katikati ya lensi iko 101mm kwa wima na 47.5mm kwa ubavu, mnakumbuka Pythagoras wa sekondari, jumlisha vipeo vya pili utafute kipeuo, inakuja karibu 112mm. Hiyo ni nusu kipenyo. Duara unalohitaji ni 224mm.

Hapa sasa tufungue katalogi. Haya ni majina ya kampuni na lensi zao, na ile f ni kipimo cha tundu la mwanga. Schneider Super-Angulon 90mm f/8 wameandika 216mm. Rodenstock Grandagon-N 90mm f/6.8 wameandika 221mm. Nikkor-SW 90mm f/8 wameandika 235mm. Zote ni 90mm, zote ni nzuri, zote mtu atakwambia ni lensi za majengo, na kwa macho ukiziona mezani huwezi kusema ipi inazidi. Lakini kwa nyumba hii, ukiwa umesimama hapa, ya kwanza inakomea kama 37mm za kupandisha, ya pili inakomea karibu 40, na ya tatu inakupa 47. Wewe unahitaji 41. Yani lensi mbili zinakukata kona za juu na moja inakupa nafasi ya kupumua, na tofauti kati yao kwenye karatasi ni milimita 14 hadi 19 tu, namba ambayo mtu anaipita tu kwenye tangazo anakimbilia kuangalia kama kioo kina mkwaruzo.

Na ile Angulon ya zamani, 90mm f/6.8, ndogo, nyepesi, bei yake mara nyingi rahisi ukilinganisha na hizo zingine, inatajwa kuwa na duara la 154mm hivi. Kwa jengo hili haifai hata kidogo. Lakini kwa mtu anayepanda mlima na kamera ya kukunja anapiga mandhari, upeo wa macho uko katikati, hapandishi kitu, hiyo Angulon ni lensi ya akili kabisa na namsifu aliyeinunua.

Rudi nyuma sasa mpaka mita 15 na hesabu inabadilika yote, kwa 90mm unahitaji kupandisha 21mm tu na duara la 188mm, zile lensi tatu zote zinafanya kazi bila jasho. Ndo maana nasema kavareji ya kutosha haipo peke yake hewani, ipo kwa umbali fulani na urefu fulani wa kitu. Aliyesimama kwenye kichochoro anahitaji duara kubwa kuliko aliyesimama kwenye uwanja, hata kama jengo ni lilelile.

Kitu kingine watu wanachanganya, wanadhani lensi ndefu zaidi ina duara kubwa zaidi hivyo itakava zaidi. Kwa aina moja ya lensi ni kweli, maana duara linatokana na pembe ya kavareji na urefu wa fokasi. Pembe ya nyuzi 70 kwenye 150mm inakupa 210mm, pembe hiyohiyo kwenye 210mm inakupa 294mm. Lakini angalieni nyumba yetu kwa mita 15 na lensi ya 150mm. Kila mita ya ukuta sasa ni 10mm kwenye filamu. Zile mita 13.5 zinakuwa 135mm, unatakiwa upandishe 75mm, na duara linalohitajika ni 286mm. Lensi za kawaida za 150mm f/5.6, Nikkor-W kwa mfano au Symmar-S, ni 210mm. Haifiki kabisa! Duara ni lilelile karibu na la Super-Angulon, lakini kitu chenyewe kimekuwa kikubwa kwenye filamu, kwa hiyo kimehitaji zaidi.

Aina ya muundo wa lensi nayo inasema mengi kabla hata hujaona namba. Lensi za muundo wa Tessar, ule wa Paul Rudolph wa Zeiss wa 1902, vioo vinne tu, ni nyepesi na kali lakini pembe yake ni kama nyuzi 55 hadi 60. Hizi za kawaida za vioo sita zilizojaa sokoni, plasmati, zinakwenda nyuzi 70 na kitu. Zile pana za familia ya Super-Angulon zinafika nyuzi 100 au zaidi, ndo maana mbele na nyuma zina vioo vikubwa hivo. Na lensi za tele ni kinyume, zimetengenezwa zisihitaji mvukuto mrefu na gharama yake ni duara dogo. Nikkor-T 360mm wameandika 210mm tu, wakati 360mm za kawaida zinakava 8x10. Mtu wa 8x10 akiona 360mm akadhani zote ni sawa ataumia vibaya.

Na watu wa 8x10 niwape mfano wenu maana kwenu milimita chache ni ghali zaidi. Nikkor-M 300mm f/9 na Fujinon-C 300mm f/8.5, zote ndogo, zote ziko kwenye shata ya Copal namba 1 (Copal ni kampuni ya shata, namba ni saizi), zote zinaingia kwenye mfuko wa koti. Ya Nikkor duara ni 325mm na ya Fujinon ni 380mm. Filamu ikilala, Nikkor inakupa kupandisha kama 9mm, Fujinon inakupa kama 47. Kwenye 4x5 hizi lensi mbili hutazitofautisha, duara ni kubwa kupita hata kamera yenyewe inavyoweza kusogea. Kwenye 8x10 ni mbingu na ardhi.

Kuna jambo la majina pia na hili naomba mliandike. Jina na urefu wa fokasi havitoshi. Fujinon-W 210mm f/5.6 ya zamani, ile yenye maandishi ndani kwenye ringi inayozunguka kioo cha mbele, inatajwa kuwa na nyuzi 80 na duara la 352mm, inakava 8x10 na inabaki. Fujinon ya 210mm f/5.6 iliyokuja baadaye, maandishi yamehamia nje, duara limeshuka hadi kama 310. Kampuni ileile, urefu uleule, f ileile, na ya zamani ndo kubwa. Kwa hiyo unaponunua mtandaoni omba picha ya mbele ya lensi iliyo wazi, inayosomeka, uone maandishi yako wapi, usiridhike na kichwa cha tangazo.

Sasa hizi namba za katalogi zenyewe zinapimwaje. Kwa kawaida ni kwenye f/22 na lensi ikiwa imefokasi mbali kabisa, infiniti. Ukifungua apecha, yani lile tundu la mwanga ndani ya lensi, duara linalofaa linapungua, ukali wa pembeni unakwenda na kwenye lensi nyingi mwili wa lensi unaanza kukata mwanga. Ukisogelea kitu kwa karibu duara linakua, maana lensi inakwenda mbali na filamu, ukifika kupiga kitu kwa ukubwa wake halisi mvukuto umefika mara mbili ya urefu wa fokasi na duara nalo limekuwa mara mbili. Yani 150mm yako ya 210mm inakuwa 420mm, unaweza kupigia saa ya mkononi kwenye 8x10 bila wasiwasi. Anayepiga bidhaa mezani hana sababu ya kulipia duara la mpiga majengo.

Alafu kila mtengenezaji ana msimamo wake. Wengine wanaandika duara la ukali wanaoukubali wao tu, ingawa mwanga wenyewe unafika mbali zaidi. G-Claron za Schneider ni mfano mzuri, zilitengenezwa kwa kazi ya kunakili, katalogi inasema nyuzi 64, lakini watu wa 8x10 wamezitumia miaka mingi wakibana apecha hadi f/32 na f/45 na kupata zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukilinganisha kampuni moja na nyingine chukua namba kama mwongozo wa karibu, tofauti ya milimita 3 au 4 usiigombanie, tofauti ya 20 iheshimu. Na kwa lensi uliyonayo mkononi jicho lako ndo la mwisho.

Jicho linaangaliaje? Hii kamera hapa mbele ina Nikkor 90mm. Mkija mtaona kioo cha kufokasia kimekatwa kona zote nne, hakijavunjika, kimekatwa makusudi. Funga apecha kwenye f/22, fungua shata, pandisha lensi taratibu, alafu weka jicho kwenye kona iliyokatwa uchungulie kuelekea lensi. Kwanza utaona tundu la apecha limekamilika, lina umbo la yai kidogo kwa sababu unaliangalia kwa upande lakini kingo zote zipo. Endelea kupandisha. Utafika mahali upande mmoja wa tundu unaanza kuliwa na ukingo wa lensi, linakuwa kama jicho la paka. Hapo umefika mwisho wa mwanga, rudisha kidogo. Na kumbuka kona za kuangalia ukipandisha lensi ni zile za chini ya kioo, picha iko kichwa chini, chini ya kioo ndo juu ya jengo. Kwa kuchungulia hivihivi utagundua pia kama anayekata ni filta, au kofia ya jua, au mvukuto umelegea katikati ukaingia njiani, maana mara nyingi lensi inalaumiwa kosa la mvukuto. Ukali wa pembeni huo huwezi kuuona kwa kuchungulia, pale lazima lupu, kile kioo cha kukuzia, kwenye kioo cha kufokasia, au upoteze filamu moja.

Kuinamisha lensi nako kunakula duara, na wapiga mandhari wanasahau. Ukiinamisha 150mm kwa nyuzi 8 katikati ya duara linahama kama 21mm. Ukiinamisha nyuma badala ya mbele duara huligusi sana, ila umbo la vitu linabadilika, kwa majengo hapana, kwa mawe ya ufukweni hamna atakayejua.

La giza la kona nalitaja kwa haraka. Lensi pana, hata ikikava, mwanga wake unapungua kadiri unavyotoka katikati. Kwa hesabu ya msingi unashuka kwa kosaini ya pembe ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nne, na miundo iliyofuata kazi ya Mrusi Rusinov wa 1946 imeupunguza huo mteremko ukawa karibu na mara tatu. Kwenye nyumba yetu ya mita 12, ile kona ya juu iko kama nyuzi 51 kutoka katikati, kwa hiyo hata na Nikkor yenye duara la kutosha bado itakuwa na mwanga pungufu kwa kama stopu 2, yani robo tu ya mwanga wa katikati. Kwa filamu nyeusi na nyeupe unaweza kurekebisha kwenye kuprinti, kwa slaidi ya rangi utaiona anga imechafuka juu, hapo watu wanafunga filta ya katikati, ile yenye giza katikati na wazi pembeni, ambayo nayo inakula mwanga wako. Kwa hiyo kukava ni jambo moja na kukava sawasawa ni jambo lingine.

Mtu ataniuliza basi si ninunue tu yenye duara kubwa kuliko zote nimalize? Super-Symmar XL 110mm ina 288mm, ni lensi ya ajabu kweli, nyumba yetu kwa mita 15 inaimaliza kwa kupandisha 39mm tu na inabaki na akiba tele. Lakini bei yake ni bei. Na zile pana za duara kubwa kama Super-Angulon XL 90mm yenye 259mm zina kioo cha kutisha, filta zake ni ghali, begani zinauma. Kuna la tatu, mwanga wote wa duara unaobaki nje ya filamu unaingia ndani ya kamera, unagonga mvukuto na kurudi kwenye filamu, kontrasti inashuka. Ukiwa na lensi ya duara kubwa nunua na kofia nzuri ya jua, siyo urembo.

Na kabla hujatoa hela angalia kamera yako inapanda ngapi. Kamera za presi, zile za zamani za wapiga picha wa magazeti, zinapanda kidogo sana, ukiifunga lensi yenye akiba ya 47mm umelipia milimita ambazo ubao hautafika. Kwa 90mm mvukuto wa kawaida unakuwa umejikunja umekakamaa, hausogei, unahitaji mvukuto wa mfuko ule laini. Kama kamera haipokei mvukuto huo, hiyo hela weka kwenye filamu.

Nimeandika kwenye ubao namba nne za kupima kabla ya kununua: umbali wako, urefu wa kitu juu ya kamera, urefu wa fokasi, na nusu za filamu yako. Kesho ukisimama mbele ya jengo unalolitaka, pima kwa hatua, zipige kwenye simu, upate duara, ndo uende kwenye matangazo. Maswali karibuni, na waliokuja na lensi zao wazilete hapa mbele, tuna ubao wa kufungia wa Copal 0 na Copal 1, tuzichungulie moja moja kwenye kona tuone kila moja inafika wapi.